Chai ya Tangawizi Ukweni Bungu

Daktari wa ngozi alinieleza bila haraka. Vile vipele vya puani na mashavuni, pamoja na ule moto unaonipanda usoni, vinaitwa rosasia. Haiponi kabisa, ila inatunzwa: nivae kofia ya pama, niepuke pilipili na vinywaji vya moto, na ile krimu niliyouziwa dukani niitupe, maana ndiyo iliyozidi kunichoma.

Nilifarijika. Kwaluguru, ninakoishi, walikuwa wameshaamua ni pombe, Korogwe mjini wakasema ni mkorogo wa kujichubua.

Shida ilikuwa posa. Nilikuwa na miaka arobaini na sita, nimeshahama miji saba, na kila mji nilianza kuukumbuka siku niliyouhama. Sasa nilimtaka mjane mmoja wa Bungu milimani, mkulima wa viazi, na sikutaka kumkosa. Mshenga wangu alikuwa mjomba, kwa kuwa mposaji hasemi ukweni, husemewa.

"Mjomba, wakileta chai waambie naumwa."

"Mwanaume anayekwenda kuoa haumwi."

Chai ikaja, ya tangawizi, inafuka mvuke. Kuikataa ni kuikataa nyumba, nikanywa. Kabla kikombe hakijafika nusu, uso ulikuwa kama umepigwa pasi.

Shangazi wa yule mjane, ambaye ndiye mwenye neno pale, akavaa miwani. "Huyu kijana mbona anaiva?"

"Ni aibu tu, mama," mjomba akasema.

"Aibu gani na mvi zile? Anakunywa?"

"Hanywi."

"Basi anajichubua. Mume wa kugombania kioo na mkewe hatumtaki."

Mjomba akakohoa. "Ana ugonjwa. Jina lake nililishika vizuri mpaka pale kwenye kona za Mpale, tukipanda huku."

"Unaambukiza?"

Mjomba akaniangalia. Mimi nikaangalia mkeka. Jibu nilikuwa nalo, ruhusa sikuwa nayo. Nilipoona shangazi anakusanya vikombe, adabu ikanishinda.

"Shikamoo, shangazi. Hauambukizi. Ni joto la chai."

Mjomba alifumba macho kama aliyefiwa.

"Marahaba," alisema shangazi. "Kama ni joto, toka nje lipoe, tuone."

Nikawekwa kibarazani kwenye ukungu, kama nguo iliyofuliwa. Nusu saa nzima wanawake wa nyumba ile walipita mmoja mmoja, kila mmoja akidai anatafuta ufagio. Kisha shangazi akaja, akanibonyeza shavu, akalisugua kwa pembe ya khanga na kuikagua khanga. Safi.

"Kweli ni joto," aliwatangazia waliokuwa ndani. "Posa tumeipokea. Lakini huyu harudi kwenye jua la Kwaluguru, litamharibu tena. Atakaa hapa hapa kwenye baridi, siku zote."

Siku zote. Sijawahi kukaa mahali hata miaka mitatu. Nikafungua mdomo.

"Amekubali," alisema mjomba.