Kiwanja cha Amerat: nilivyoanza wholesale kwa kumsomea Bi Zuwena karatasi nusu

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa miaka mingi. Wiki hii nimeona nyuzi za vijana wanaouliza namna ya kuanza wholesale ya viwanja bila mtaji, na wachangiaji wengi wanawahimiza.

Na mimi niliwahi kuanza. Nitaeleza yalivyokuwa, na sina sababu ya kuyapamba, kwa kuwa hakuna ndani yake kinachonipamba mimi.

Kwa wasioifahamu kazi hii: unamtafuta mwenye kiwanja anayekubali kuuza chini ya bei ya soko. Unaandikiana naye. Kisha, kabla hujamlipa thamani yenyewe, unamtafuta mnunuzi wa bei kubwa zaidi na kumwachia nafasi yako. Tofauti inayobaki ni yako. Hujajenga, hujakopa, hujamiliki kitu hata siku moja.

Mimi ni Muomani wa Muscat, wazazi wangu walitoka Unguja. Nilimaliza chuo kikuu mwishoni mwa miaka ya tisini nikaajiriwa serikalini. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili ofisi yetu iliunganishwa intaneti, na huko ndiko nilikoisoma habari ya wholesale, katika saa ambazo nililipwa kufanya kazi nyingine. Hiyo ndiyo aibu ya kwanza, tena ndogo.

Nilijiona nimegundua jambo. Huku kwetu serikali huwagawia raia viwanja vya kujengea. Wakati ule wengi walipata Amerat, nyuma ya milima, na wako ambao hawakwenda hata kuviona. Hati zilikaa kabatini chini ya kanga. Kilichonipungukia ni muuzaji wa kwanza.

Hapa inabidi niwaeleze desturi yetu moja, maana bila hiyo hamtaelewa nilichokifanya.

Wazee wetu wengi waliorudi kutoka Unguja na bara walikuwa Waarabu kwa nasaba, lakini lugha ya nyumbani kwao ni Kiswahili. Kiarabu cha sokoni walikimudu, cha serikali hawakukiweza. Kwa hiyo kila mtaa ulikuwa na msomi wake. Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, wazee walimjia na bahasha zao: barua ya wizara, bili ya umeme, karatasi ya hospitali. Akawasomea kwa Kiswahili. Hakulipwa kitu. Aliombewa dua, akaletewa visheti.

Katika mtaa wetu msomi huyo nilikuwa mimi.

Bi Zuwena alikuwa mjane, jirani yetu, na shoga wa marehemu mama yangu. Ijumaa moja alikuja na bahasha kubwa. Nikaifungua nikamwambia amepata kiwanja Amerat. Yeye na mwanawe Hilali walikuwa wamepeleka maombi siku moja, na viwanja vyao vilipakana.

"Changu kipi na cha Hilali kipi?" aliniuliza. Nikamwonesha kwenye ramani kwa ncha ya kalamu.

"Mimi nna haja gani ya kiwanja?" alisema. "Nitakaa kwa mwanangu. Bora nikiuze, nimsaidie kujenga. Lakini simuuzii mtu nisomjua, akaja kukaa ubavuni mwa mwanangu."

Nikamwambia, "Mimi nakitaka, Bi Zuwena."

Wakuu, sentensi ile niliipima kabla ya kuitoa. Sikusema nitajenga. Sikusema nitahamia. Nilisema nakitaka tu, nikamwachia yeye asikie alichotaka kusikia.

"Wewe? Basi kuna maneno tena hapo? Laiti mama yako angekuwapo." Akataja bei ambayo nilijua kuwa ni karibu nusu ya thamani yake. Nilipojitia kusitasita, alinikemea. "Nyamaza. Mimi na wewe hatufanyi biashara."

Yeye hakuwa akifanya biashara. Mimi nilikuwa nikifanya.

Nikampa arubuni kutoka mshahara wangu. Wiki iliyofuata nilimpeleka kwenye ofisi moja ya kuthibitisha hati, anipe wakala, yaani ile karatasi inayonipa uwezo wa kutenda kwa niaba yake. Karani aliisoma kwa Kiarabu, haraka haraka, kama wanavyosoma watu waliokwisha kuisoma mara elfu. Karatasi ilisema nina idhini ya kukiuza kiwanja kwa mtu yeyote na kwa bei yoyote nitakayoiona inafaa.

"Anasema nini?" Bi Zuwena alininong'oneza.

"Anasema umenipa idhini nikaandikishe kiwanja."

Karani akauliza kwa Kiarabu, "Hajjati amefahamu?"

Nikajibu mimi, "Amefahamu."

Akatia dole gumba. Alijifuta wino kwenye pindo la buibui, akanitania tukiwa bado mbele ya meza: "Sasa tafuta mke anayejua kupika. Ukuta wa kati yetu utakuwa mfupi, harufu yote itaingia kwetu."

Nilicheka. Kicheko kile ninakikumbuka vizuri zaidi kuliko ninavyozikumbuka fedha nilizopata.

Dalali wangu alikuwa na ofisi Hamriya, juu ya duka la matairi. Aliitazama ramani akaniuliza, "Huyu mama ni nani yako?"

"Jamaa."

"Jamaa wa nyumbani au jamaa wa biashara?"

Nikamsogezea ramani karibu zaidi. Kabla wiki mbili hazijaisha, alileta mnunuzi, mfanyabiashara aliyetaka kujenga jumba la kupangisha. Bi Zuwena nikampelekea bei yake kamili, bila kupungua hata baisa moja, na kwa siku kadhaa nilijiambia kuwa huo ndio uaminifu. Sehemu yangu ilipita mshahara wa miezi mingi. Nikanunua gari.

Kwa vipimo vyote vya vile nilivyovisoma kwenye intaneti, deal yangu ya kwanza ilifaulu.

Miezi michache baadaye Hilali alimwambia mama yake kwamba kiwanja cha jirani kimeanza kuchimbwa msingi. Bi Zuwena akafurahi. Alichukua halua, chupa ya kahawa na chetezo cha ubani, akamwambia Hilali ampeleke, wala nisiambiwe, ili anishtukize.

Haya nilihadithiwa na Hilali mwenyewe, aliyenifuata kazini kwangu.

"Tumemkuta bwana mmoja hatumjui, ameshika ramani," alisema. "Mama akamuuliza uko wapi. Yule bwana akasema ulimuuzia zamani."

"Mama akasemaje?"

"Akamkaribisha kahawa. Akampa halua yote. Akamwambia karibu, jirani."

Hilali hakunitukana. Alinitazama kidogo, akaondoka.

Ijumaa iliyofuata Bi Zuwena hakuja, wala ile ya pili. Nilisikia kuwa bahasha zake anasomewa na binti wa sekondari wa nyumba za nyuma. Wazee wengine waliendelea kuja kwangu kama kawaida, na hapo ndipo nilipofahamu kuwa hakumwambia mtu. Walinikabidhi karatasi zao vilevile, wakaniombea dua zilezile, nami nikawa nasoma kila neno, hata namba ya simu iliyo chini ya barua.

Nilifanya deal nyingine mbili, za watu nisiowajua. Ziliniletea faida. Baada ya hapo nikaacha.

Ilinichukua karibu mwaka mzima kwenda kwake, na tulikuwa tumetenganishwa na nyumba mbili tu. Alinikaribisha kama mgeni, kwa adabu zote, na adabu ile iliniumiza kuliko ambavyo matusi yangeniumiza. Nikaweka mbele yake ile faida, ambayo nilikuwa nimeikusanya tena baada ya kuliuza gari.

Hakuigusa.

"Mpe Hilali," alisema. "Aupandishe ukuta. Yule bwana amejenga ghorofa, madirisha yote yanatazama uani kwetu."

Kisha akainuka, akafungua kabati, akarudi na nakala ya ile wakala. Akanipa.

"Nisomee."

Nikamsomea. Safari hii kwa Kiswahili, neno kwa neno, pamoja na ule mstari: kwa mtu yeyote, na kwa bei yoyote nitakayoiona inafaa.

"Mstari huo ulikuwapo siku ile?"

"Ulikuwapo."

"Na ulinisomea?"

"Sikukusomea, Bi Zuwena."

Akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

"Haya," alisema. "Mwaka mzima nnajiambia labda ulinisomea, mimi ndiye niliyesahau. Nikawa naogopa. Nikasema, akili yangu ndiyo inaondoka."

Wakuu, nilikuwa nimejiandaa kulaumiwa kwa kumkosesha kiwanja chake na jirani aliyemtaka. Sikujua kwamba mwaka ule wote yule mama alikuwa akiitilia shaka akili yake mwenyewe, ili asinitilie shaka mimi.

Hakuwahi tena kuniletea bahasha. Aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, tukasalimiana kila tulipokutana.

Sisemi wholesale ni haramu, wala siwakatazi wanaoitaka. Wako wanaoifanya kwa uwazi, muuzaji akijua kuwa anamuuzia dalali na akajua dalali naye anatafuta chake. Kwangu somo ni hili: nikimfichia muuzaji neno moja ambalo angelijua asingeuza, faida yangu yote inatoka kwenye neno hilo. Kiwanja ni kisingizio tu.

Kama nawe umewahi kukaa meza moja na mtu anayetia dole kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, tueleze ulimwambia nini. Na mwenye kutaka kunihukumu asijizuie. Nitasoma yote, kila mstari.