Mkanda Uliokatika Njia ya Kimbiji

Nilikwenda Kimbiji kwa sababu ya neno nililolisema mwenyewe. Mimi ni fundi wa magari, na wakati huo gereji yangu ilikuwa Temeke, uwanja mdogo wenye shimo moja la kuingia chini ya gari na mabati machache ya kuzuia jua. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa na pikapu zilizotumika zikaanza kushuka bandarini kutoka Japani, rangi zikiwa bado zinang'aa. Waliojaliwa kuzinunua waliniletea kwanza nizisikilize. Walisema fundi Anselm ana sikio.

Miezi mitatu kabla ya safari hii alikuja mkulima mmoja wa minazi na mihogo kutoka Kimbiji, jina lake Shomari. Alikuwa amefuatana na mkewe, Mwajuma, ambaye ujauzito wake ulikuwa umeshaonekana. Pikapu yao ilikuwa nyeupe, ya dizeli. Niliiwasha, nikaweka kiganja kwenye bomba la moshi, nikachomoa kijiti cha oili nikakinusa, nikaiacha iungurume polepole, kisha nikaikanyaga. Haikugonga wala haikutoa moshi mweusi. Nikamwambia Shomari, "Injini hii haina neno. Itatuzika wote." Tukacheka, wakaondoka.

Jumatatu moja asubuhi aliingia gereji Bi Hadija, dada yake Shomari, anayeuza nazi soko la Tandika. Hakukaa kwenye benchi nililompa. Alinieleza kwamba Mwajuma alishikwa na uchungu, mambo yakawa mazito, mkunga akaagiza apelekwe hospitali mjini. Walimlaza nyuma ya pikapu, wakaondoka asubuhi mapema. Kabla hawajafika Gezaulole gari ikazima, haikuwaka tena. Lori lililowachukua lilitokea jua likiwa utosini. Mwajuma alipona. Mtoto, wa kiume, hakupona.

Nilimpa pole. Bi Hadija akasema gari ina siku tisa iko kando ya barabara, na kaka yake hana nguvu hata ya kwenda kuitazama. "Hakunituma," alisema. "Nimekuja mwenyewe."

Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, nilitoka Temeke na mfuko wa spana begani. Mke wangu alinifungia mkate na chupa ya chai. Aliniuliza kama nimeshajua gari imeharibika nini, nikamwambia pengine ni pampu ya dizeli, au wameweka mafuta machafu. Nilitamani yawe mafuta machafu. Nimeona niliandike hilo, maana ndilo lililokuwa moyoni mwangu njia nzima.

Magogoni nilivuka kwa pantoni pamoja na watu waliokuwa wakirudi na magunia matupu ya mboga. Upande wa pili, Kigamboni, nikapata lori la saruji lililokuwa likienda kwenye ujenzi huko mbele. Dereva alinipakia juu ya mifuko. Mvua zilikuwa zimekatika siku chache tu, barabara ilikuwa mashimo na madimbwi, na baada ya Mjimwema mchanga ukaanza kushika magurudumu. Injini ya lori lile ilikuwa kuukuu, ya enzi za mashirika ya umma. Ilikohoa kila mlima, ikatoa moshi kama tanuri la mkaa, lakini nilijua kila sauti yake ina maana gani. Vali moja ilikuwa imelegea. Cheni ya ndani ilikuwa ikilia. Ingelia hivyo mwezi mzima kabla ya kumsumbua mwenyewe.

Saa nne na nusu nikaiona pikapu. Ilikuwa imesukumwa ikaegemea kichaka, uso wake ukitazama mjini. Niligonga bati la lori nikashuka. Nyuma kulikuwa na majani makavu ya mnazi yaliyotandikwa na mkeka juu yake, umelowa mvua na kukauka. Nilisimama pale na mfuko wangu. Ningeweza kufungua boneti, lakini niliona si haki kuigusa gari ya mtu kabla sijamtazama usoni. Nikaenda kwa miguu mpaka Kimbiji.

Saa saba mchana nilifika nyumbani kwa Shomari, nyumba ya matope na bati karibu na shamba lake la mihogo. Mama yake alikuwa barazani. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia marahaba na kunikaribisha bila kuniuliza mimi ni nani. Shomari alipotoka nilimwona amepungua sana. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa kuja. Shukrani ile ilinichoma kuliko matusi. Wakaniletea muhogo wa kuchemsha na samaki, nikala kwa sababu wao walinitazama. Mwajuma alikuwa ndani. Nilisikia tu kikohozi chake. Shomari aliniomba nilale, ili kesho twende pamoja kwenye gari.

Jumatano, jua lilipochomoza, tulikuwa tumeshafika kwenye gari kwa baiskeli. Shomari alifungua boneti. Nilikagua mafuta, yalikuwa masafi. Pampu ilikuwa nzima. Nikajaribu kuizungusha injini, ikazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, kama kapi ya kisima isiyo na ndoo. Ndipo macho yangu yakaenda kwenye kifuniko cha plastiki kilicho mbele ya injini. Juu yake palibandikwa karatasi ndogo ya manjano yenye maandishi ya Kijapani na tarakimu. Nilikuwa nimeiona Temeke. Niliifuta vumbi kwa kitambaa nikidhani ni tangazo la duka.

Niliondoa bolti za kifuniko. Ndani, mahali ambapo injini nilizofundishiwa zilikuwa na cheni au gia za chuma, palikuwa na mkanda wa mpira wenye meno. Ulikuwa umekatika vipande viwili. Mkanda huo ndio unaoziongoza vali, vilango vya hewa na moshi, zifunguke na kufungika kwa wakati wake. Ukikatika, pistoni huzigonga vali na kuzipinda. Nikatazama tena tarakimu za ile karatasi, nikatazama za dashibodi. Sikuhitaji kujua Kijapani. Zilikuwa kilomita ambazo zikifika mkanda ulipaswa kubadilishwa, na gari ilikuwa imezipita hata kabla haijaletwa kwangu.

Shomari akaniuliza nimeona nini. Nilikuwa na nafasi ya kusema ni mambo ya mashine tu, naye angeniamini.

"Mkanda huu ulikuwa umekwisha toka siku mliponiletea gari," nilimwambia. "Kifuniko kinafunguka kwa bolti chache. Sikukifungua."

Alikaa chini mchangani, mgongo kwenye gurudumu.

"Siku zote hizi nimejilaumu mie," alisema. "Nilidhani niliikanyaga sana kwenye mchanga kwa haraka, nikaiua." Kisha akasema, "Kamwambie Mwajuma. Mie siwezi."

Saa tatu asubuhi tulirudi nyumbani. Mwajuma alitoka barazani, akakaa mkekani kando ya mama mkwe wake. Nilimweleza yote, pamoja na ile karatasi. Alinisikiliza akiwa ameangalia mikono yake.

"Kwa hiyo hukujua," alisema.

"Sikujua."

"Lakini ulisema."

"Nilisema."

"Ungesema hujui, fundi, mie ningeondoka mapema. Wifi Hadija aliniita nikakae kwake Tandika mwezi mzima kabla ya kujifungua. Nilimkatalia kwa sababu tuna gari."

Mama yake Shomari alimshika bega. Baadaye Mwajuma aliniuliza ni gari ngapi za namna hii nimezipitisha kwa kusikiliza tu. Nikamwambia labda kumi na mbili. "Basi usikae hapa kunisikitikia," alisema. "Nenda kawatafute."

Alasiri ile mimi na Shomari tulirudi kwenye gari tukafungua silinda hedi, kichwa cha injini. Vali nne zilikuwa zimepinda. Alhamisi nilipanda lori la mawe kurudi Kigamboni, hedi nimeipakata imefungwa kwenye gunia, nzito kama mtoto aliyelala. Kwenye pantoni mtu mmoja aliniuliza nimebeba nini, nikalikaza gunia kifuani.

Wiki mbili zilizofuata sikupokea kazi mpya. Nilizunguka Mtoni, Tandika, Mbagala na Yombo nikiwatafuta wenye pikapu zile. Wengine mikanda yao ilikuwa mizuri. Bwana Mushi, muuza unga wa Yombo, alikasirika. Alisema gari yake haijawahi kumsumbua hata siku moja, na kwamba mimi mwenyewe nilimwambia ni nzima. Nikamjibu kwamba nilimwambia nilichosikia, ndani sikutazama. Tulipofungua kifuniko, mkanda ulikuwa na nyufa na meno matatu hayapo. Aliushika muda mrefu. Gari hiyo ilikuwa ikimpeleka na kumrudisha mama yake hospitalini kila wiki.

Injini hizi mpya si mbovu. Kwa kweli zina nguvu na uvumilivu kuliko zile nilizojifunzia. Lakini hazina desturi ya kuugua kwanza. Ya zamani hukohoa, hutoa moshi, hukupa nafasi ya kujiandaa. Hii hunyamaza vizuri mpaka siku yake, na fundi anayetegemea sikio huuona ukimya ule kuwa ni afya.

Wiki ya tatu nilirudi Kimbiji na hedi iliyotengenezwa, vali mpya na mkanda mpya. Gari ilikuwa imeshavutwa kwa lori mpaka nyumbani kwa Shomari. Ilituchukua siku nzima. Ilipowaka, majirani waliokuwa wamesimama wakanitazama wakingoja nitoe neno. Niliizima. Nikaacha kifuniko wazi, nikamwomba Shomari amwite Mwajuma.

Alikuja, akainama, akaugusa mkanda kwa kidole. Akaniuliza utadumu mpaka lini. Nikamtajia kilomita nilizoambiwa na muuza vipuri, kisha nikamwambia kwamba kwa barabara hii yenye mchanga na maji, sijui. Nitakuja kuutazama kabla ya hapo.

Aliinuka taratibu, akafuta kidole kwenye kanga yake. "Hapo nimekuelewa," alisema, akarudi ndani.