Risasi Iliyokwenda Kushoto

Niliichukia bastola ya mume wangu tangu siku alipoileta nyumbani, na alipokufa niliichukia zaidi, maana niliamini kwamba ndiyo iliyomponza. Alikuwa mfanyabiashara wa viazi na kabichi. Alinunua kwa wakulima wa Malindi na Rangwi, huku huku kwetu milimani Lushoto, akapakia lori kupeleka mjini, akarudi na fedha mfukoni kwa barabara ya milimani. Kwa ajili ya barabara hiyo alipewa kibali cha silaha. Ilikuwa bastola ya zamani ya silinda, nzito kama nyundo, na alikuwa na tabia mbaya ya kuiweka mezani tukiwa tunakula. Nilimwambia aifunike walau kwa kitambaa. Akacheka, akaniuliza kama naogopa itaninyang'anya mboga.

Alasiri ya tukio ukungu ulishuka mapema. Nilikuwa jikoni, yeye amekaa mbele ya nyumba. Nikasikia mlio mmoja. Huku kwetu mlio hauishi hapo hapo. Unavuka bonde, unagonga mlima wa pili, kisha unakurudia. Uliporudi mimi tayari nilikuwa nje, na mume wangu alikuwa amelala chini ya ngazi za mawe, kichwa kimepasuka, bastola iko kando yake. Ng'ambo ya uwanja mlango wa stoo ulikuwa wazi, na gunia la mbegu za viazi limeachwa kizingitini. Sikuona mtu. Sikuona hata miti.

Risasi tuliiona kesho yake. Ilikuwa imezama kwenye boriti ya juu ya mlango wa stoo, pembe ya kushoto ukiwa umesimama ngazini.

Aliishi siku chache hospitalini, akili zake zikiwa timamu. Askari walipomhoji alisema ukungu ulikuwa mzito, hakumwona mtu sura, alifyatua akakosa, kisha mwizi akamsukuma. Maneno hayo hayo aliniambia na mimi. Hakuuliza hata mara moja kama mwizi amekamatwa. Nilidhani ni maumivu.

Aliyemuuguza usiku na mchana alikuwa mpwa wake, mtoto wa marehemu dada yake, mtu mzima mwenye mke na watoto, nyumba yake iko juu kidogo ya yetu. Alimwosha, akamnywesha uji, akamgeuza kitandani. Kwetu mpwa hana mlango kwa mjomba wake. Anaingia bila hodi, anakata mkungu wa ndizi, anabeba jembe, na mjomba akinung'unika, watu watamshangaa mjomba. Mimi nilikuwa nanung'unika kwa niaba yake, maana mkaza mjomba anaruhusiwa kidogo. Baada ya mazishi niliacha. Kijana yule alinirudishia uhai. Kila asubuhi alileta maziwa, aliinua kuta za matuta zilizobomolewa na mvua, na nilipougua homa ni yeye aliyenibeba mgongoni mpaka barabarani.

Lakini ukungu ulipotanda nilisikia ule mlio. Sisemi niliukumbuka, nasema niliusikia: kwanza uwanjani, kisha ng'ambo ya bonde, kisha ukirudi. Nilikuwa naacha sufuria motoni na kutoka nje kumtafuta mtu chini ya ngazi. Mchungaji alikuja akaomba. Nilimshukuru, na ukungu ulipotanda tena, nikausikia tena.

Mwisho nikaamua kwamba nikiendesha biashara yake, na bastola nitaibeba mimi. Tangu msiba ilikuwa imehifadhiwa polisi. Niliomba kuirithi kwa utaratibu, nikaambiwa lazima nijifunze kwanza, nikaelekezwa kwa mkufunzi mmoja kule chini kwenye joto, na askari akaipeleka bastola huko. Alikuwa mama wa makamo aliyestaafu jeshi la polisi, mcheshi, mwenye sauti ya kuitisha kwata. Nilimwamkia, nikamwambia bila kuzunguka: bastola hii inapeleka risasi kushoto, imeshanipotezea mume, nataka inyooshwe kabla sijaigusa.

"Inyooshwe? Kwani ni msumari?" akasema. "Nani kakwambia inakwenda kushoto?"

"Nimeona tundu kwa macho yangu."

"Tundu moja halisemi kitu, mama. Tuanze kuulaumu mkono. Chuma kitafuata."

Akanionyesha kwamba vilengeo vya bastola ile havina skrubu ya kurekebisha. Cha mbele ni jino lililoshikamana na mtutu, cha nyuma ni mfuo tu uliochongwa juu ya chuma. Akabandika karatasi yenye duara jeusi, mbali kidogo kupita upana wa uwanja wangu. Nilifyatua huku machozi yananitoka kwa ule mlio. Matundu yote yalikwenda kulia.

Nilimwambia nimekosea. Akasema inawezekana, mtu akiingiza kidole sana kwenye kifyatulio, anaivutia bastola kulia. Akanifanya nitumie ncha ya kidole. Bado kulia. Akaniwekea mfuko wa mchanga wa kuegemeza mikono ili mtetemo wangu usihesabiwe. Kulia. Akachukua yeye mwenyewe, akafyatua akiwa ametulia kama anayetia uzi kwenye sindano, na matundu yake yakakaa pamoja, mazuri, kulia kwa duara upana wa kiganja. Akabadilisha aina ya risasi, akajaribu nzito zaidi. Zilishuka au zikapanda kidogo, lakini upande haukubadilika.

"Sasa ni chuma," akasema. "Mtutu umekaa vibaya kwenye fremu. Fundi mwenye leseni ataugeuza kidogo tu, jino la mbele lisogee kulia. Watu wengi hudhani unalisogeza kinyume. Hapana. Jino la mbele unalipeleka kule kule kwenye kosa, ndipo risasi inarudi katikati."

Mawazo yangu hayakuwa tena kwa fundi. Nilimwuliza kama mtu mwenye hofu anaweza kuipeleka kushoto.

"Anaweza. Hofu inaukunja mkono. Lakini inaukunja kwenda chini, chini kushoto. Hilo tundu lako liko wapi?"

"Juu," nikasema. "Juu ya kichwa cha mtu."

Akaacha utani. Aliyaokota maganda ya risasi moja moja, kisha akaniuliza marehemu alikaa na bastola hii muda gani. Nikamwambia, tangu watoto wetu, ambao sasa wanaishi mbali, wakiwa shule ya msingi. Akasema mtu aliyekaa nayo hivyo anajua tabia yake kama anavyojua ya ng'ombe wake. Kwa umbali ule, bastola ile, ili risasi iende juu kushoto, lazima mtu aipeleke huko mwenyewe.

Nilipanda gari kurudi Lushoto nikiwa na hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo hata kaburini. Mume wangu hakuwa mtu wa huruma za ovyo. Aliwahi kumburuta mwizi wa kuku kwa ukosi mpaka kwa mtendaji. Mgeni angempiga, tena bila kujuta. Basi aliinua mkono dakika ya mwisho, kidole kikiwa kimeshakaza, kwa sababu ukungu ulifunguka kidogo akaona ni nani. Na akalala hospitalini akatudanganya, mimi na askari, kwa ajili ya mtu huyo. Gari lilipinda kona za mlimani, na kila nilipowapitisha watu wa kijiji kichwani, wakiondoka wote alibaki mmoja. Nilimtoa kwa nguvu. Akarudi.

Asubuhi yake aliingia jikoni bila hodi, kama siku zote, na maziwa mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Wamesemaje kuhusu bastola? Wataiweza?"

"Inakwenda kulia," nikasema. "Haijawahi kwenda kushoto. Mjomba wako hakukosa. Alikwepesha."

Nilimtazama usoni, na Mungu ananijua, nilitaka akane. Angekana hata kijinga, hata kwa kucheka, ningemwamini, ningechemsha maziwa na tungekunywa chai. Aliweka chombo chini polepole, akakaa kwenye kigoda.

"Nilikuja kuchukua mbegu," akasema kwa Kishambaa, sauti ndogo. "Sikujua yuko nyumbani. Sikuona haja ya kuita. Ni kwa mjomba."

"Ukamsukuma."

"Hapana, mama. Sikumgusa. Mlio ulipolia nilianguka chini, naye akadhani amenipiga. Akaja mbio kuniangalia, akiita jina langu, mlio ukiimeza sauti yake. Ngazi zilikuwa zimelowa." Akafunika uso. "Nilimwona akianguka. Nami nikakimbia."

Kwa hiyo mwizi hakuwapo. Nilikuwa nimemlaani mwizi yule kila siku katika sala zangu, na hakuwapo. Alikuwapo mpwa asiyepiga hodi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumtaka apige, na mjomba aliyechagua kufa na uongo ili mimi nisimchukie mtoto wa dada yake. Alijua ningemchukia. Alinijua.

Mtu yule mzima alikuwa analia jikoni kwangu, nami nikashika meza. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kupiga ukunga mtu aje, aje anishike, aniambie la kufanya. Nikafungua mdomo kuita, na jina lililonijia lilikuwa la huyo huyo aliyekaa kigodani, maana tangu mume wangu afe, nikipatwa na jambo, sina mwingine ninayemwita.