Vinasaba vya Upande wa Nani

Daktari aliniambia kwamba uvimbe wa shingoni mwangu ni saratani ya mitoki, tena ya aina adimu, na kwamba wamepima vinasaba vyake. Nikampigia simu shangazi yangu wa Mkumbi, dada wa marehemu baba. Aliitikia shikamoo yangu vizuri tu, lakini baada ya neno vinasaba hakusikia kingine.

"Mungu wangu! Kwa hiyo baba yako ni nani?"

Sikumlaumu. Kwetu vinasaba hupimwa mwanamume akikana mtoto. Nikamfafanulia kwamba baba amebaki kuwa baba, ila ndani ya chembe za ule uvimbe vipande viwili vya kromosomu vimekatika na kubadilishana mahali. Shangazi akatafakari sekunde nzima, kisha akatoa majibu ya maabara yake: kama si baba, basi ni mama.

Mama ni Mnyasa. Aliolewa kutoka ziwani akapandishwa milimani, na ukoo wa baba haujamsamehe kwa kupenda dagaa kuliko maharage. Sasa wakawa wamepata na sayansi. Jumapili baada ya misa walijaa sebuleni kwetu Mbinga, kila mmoja profesa wa damu. Mbegu ya milimani ni safi, walisema, angalia kahawa yetu. Wakataka kujua bibi yangu wa ziwani alikufa kwa nini. Mama akasema malaria. Hata malaria wakaitilia shaka.

Mgonjwa nilisahaulika kabisa, nikainuka kujimiminia chai mwenyewe. Niliumia, na si kwa sababu ya uvimbe. Mama alikuwa jikoni akiwapikia hao hao waliomhukumu.

Siku ya kliniki nikaenda nao wote wawili, mama na shangazi.

"Hakurithi kwa mtu," daktari aliwaambia. "Hitilafu hii imezuka ndani ya chembe zake mwenyewe, ukubwani. Haikutoka kwa baba wala kwa mama."

Shangazi alinywea kama mtu aliyeshindwa kesi ya shamba. "Yaani haina mwenyewe?"

Nilimgeukia mama, nikitegemea kumwona ametua mzigo. Alikuwa analia.

"Ingekuwa yangu," alisema, "ningemwomba Mungu anirudishie. Sasa, mwanangu, nimwambie airudishe kwa nani?"