Pima Kumi na Mbili

Mchinjaji wa soko la Myamba hamkabidhi mtu utumbo kabla hajaukagua. Nyama huikata huku akipiga soga, lakini akifika kwenye utumbo mwembamba hunyamaza na kuutazama ulivyojikunja tumboni mwa mbuzi, kama wazee wa zamani walivyoutazama kujua kama msafiri atarudi. Jumapili yeye ni mzee wa kanisa, kwa hiyo akijua nimemwona hujikohoza na kuanza kuusafisha.

Siku ile nilikuwa nimemwomba utumbo kwa ajili ya somo la darasani. Aliuosha mferejini, akaupima kwa kutandaza mikono: pima kumi na mbili. Akapasua kipande, akanishikisha upande wa ndani. Ulikuwa laini kama mahameli. "Manyoya haya madogo ndiyo yanayonyonya chakula na kukitia kwenye damu, Mwalimu," akasema. "Chakula kinapita polepole, kila mahali kinaacha kitu. Njia ingekuwa fupi, mbuzi angekula kutwa na bado akakonda."

Mwanawe alichukuliwa kupigana vita vya Waingereza huko Burma. Barua yake ya mwisho nilimsomea mimi, kabla ya mvua za vuli za mwaka jana.

Aliuzungusha utumbo wote taratibu hadi ukaenea kwenye bakuli langu dogo, lakini bakuli hakuliachia. "Urefu wote huu ulikaa ndani ya mbuzi," akasema. "Mwalimu, hiyo njia ya Burma nayo haikunjiki?"