Siku Shangazi Alipoupandisha Mshipi

Mwanangu, hebu kaa nikwambie. Iko asubuhi moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka, nywele hunisimama. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, tumetolewa mashambani tukakusanywa kijiji kimoja, jirani na Miburani. Nyumba mpya, mihogo bado michanga, na rafu za duka la kijiji tupu. Nami nilikuwa kijana mbichi, nimetoka kisiwa cha Juani kuja kuishi kwa shangazi yangu, Bi Zuhura.

Shangazi alikuwa mjane. Zamani alikuwa akienda kuvua na mumewe, na mume alipofariki, Mungu amrehemu, yeye hakuacha. Wapo waliosema, mwanamke gani huyu? Lakini walewale ndio waliokuja kumwazima mshipi wake wa kuvulia, wa nailoni, maana mwingine haukupatikana.

Asubuhi hiyo nyumbani kulikuwa na shida. Binti yake, Mwanahamisi, alikuwa amejifungua na maziwa hayatoki. Kichanga kililia mpaka sauti ikakauka. Mkunga akasema, "Mtafutieni mzazi supu ya samaki, ainywe ya moto." Mimi na Shangazi tukaingia mtumbwini.

Tulipopita mwamba hatukutia nanga. Shangazi aliniambia niweke kasia, tukauacha mtumbwi uchukuliwe na mkondo. Kwenye ndoana alikuwa amefunga manyoya meupe ya kuku yawe ndiyo chambo, na juu yake kipande cha risasi cha kuzamishia. Na katika mshipi, kila baada ya pima kadhaa, palikuwa na uzi wa kanga kuukuu, apate kujua chambo kimefika wapi.

Akashusha mpaka uzi wa kwanza, akangoja. Kimya. Akashusha zaidi. Samaki akagusa, akaacha.

Nikashindwa kuvumilia. Ujana, mwanangu. "Shangazi, shusha mpaka chini kabisa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Hakunigeukia. "Huko mvunguni umemwona nani? Hata huku chini kuna mawe. Mshipi huu ukinasa, mwingine tutautoa wapi? Tazama basi. Mkondo ukituvuta kwa kasi, mshipi hulala na chambo hupanda, naongeza. Mkondo ukilegea, mshipi husimama wima na chambo huzama, napunguza. Siulazi mkono wangu hata kidogo, na wewe usiutie mdomo wako kwenye kazi yangu."

Punde nikaona dagaa wanaruka juu ya maji, maelfu, wanang'aa kama mvua inayonyesha kwenda juu. Nikajisemea: Samaki hao wamekuja! Lakini Shangazi akaanza kuvuta, mkono baada ya mkono, upesi kuliko nilivyopata kumwona.

"Shangazi, wafanya nini? Ndio wamefika!"

"Nyamaza! Shika ukingo!"

Chambo kilipotoka tu majini, bahari chini yetu ikabadilika rangi. Nilidhani ni mwamba. Mara mwamba ule ukapanda. Ukawa na madoa meupe yasiyohesabika, na mgongo ambao mwanzo wake niliuona na mwisho wake sikuuona. Papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote, asiyeuma mtu! Akatokeza kando yetu, kinywa wazi, kipana kama mlango, maji na dagaa vinaingia humo bila pupa. Jicho lake lilikuwa dogo, limetulia. Akapita karibu hata ningenyoosha mkono ningemgusa, lakini mkono haukunyanyuka. Mkia ulipofuata, mtumbwi ukayumba kama kifuu cha nazi.

Sikujua kwamba nalia. Shangazi alimfuata yule papa kwa macho. "Subhanallah," akasema. "Subhanallah."

Lau mshipi ungekuwa chini, ungemzunguka pezi, naye bila hata kutuchukia angetupindua.

Alipokwisha pita, Shangazi akashusha tena, mara hii kidogo tu, hata uzi wa kwanza haujazama. Samaki waitwao kolekole walikuwa wakimfuata yule mkubwa. Mshipi ukakazika, akavuta samaki. Ukakazika tena, nikamsaidia kuvuta.

Tulipokuwa tukipiga kasia kurudi nikamuuliza, "Ulijuaje kama anakuja?"

"Sikumjua ni nani. Nilichoona ni dagaa wanakimbilia juu. Anayekimbilia juu, kinachomkimbiza kiko chini. Nami mshipi wangu ulikuwa njiani."

Mwanahamisi alikunywa supu siku ile, na ya kesho yake. Maziwa yakaja. Kile kichanga kikanyonya mpaka kikalala na ziwa mdomoni, na Shangazi, aliyekuwa imara mbele ya potwe, akakaa kizingitini akalia.

Bahari haishi zinge, yaani haiachi kugeukageuka, mwanangu, na dunia ni hivyo hivyo. Kila jambo lina kina chake, na kina hicho hakikai mahali pamoja. Ukiwa katika ndoa, katika kulea, katika kuongoza wenzio, usishushe leo kwa kipimo cha jana. Pima upya, ongeza, punguza. Na ukiona kikubwa kuliko wewe kinakuja, usione haya kuvuta ulichokwisha kushusha. Kipishe, ukitazame vizuri, umtukuze aliyekiumba. Kisha rudi kazini.

Nenda, mwanangu. Mola akujaalie mkono unaohisi na moyo unaostaajabu, akurudishe pwani salama kila utokapo, na nyumbani kwako pasikauke ziwa wala chungu. Amina.