Zeze la babu lilipokatika uzi kwenye majani ya nyati, njiani kwenda Tindiga

Wakuu, heshima kwenu. Haya niliyaona kwa macho yangu, sina sababu ya kuongeza chumvi.

Ilikuwa wakati wa vijiji vya Ujamaa. Tulihamishwa kutoka milimani, juu ya Masanze, kwenda Tindiga. Baba aliondoka na lori la vyombo. Sisi tulitembea: babu mzaa baba, mama akiwa na mdogo wangu mgongoni, na mimi, binti wa darasa la pili.

Njia ilipita kwenye majani marefu kuliko mtu. Nyati walikuwa wanashuka huko kutoka upande wa Mikumi. Nyati akikusikia mapema anaondoka. Ukimshtua, umekwisha.

Ndiyo maana babu alitangulia akipiga zeze.

Wimbo haukuwa wa kwetu. Babu aliwahi kuwa mpishi shamba la mkonge, Kilosa, na meneja Mzungu alikuwa anaupiga kwa fidla kila jioni. Babu akauhamishia kwenye zeze, ukawa unachechemea kidogo.

Katikati ya majani uzi ukakatika. Ta!

Kimya.

Halafu kitu kikapumua kwa nguvu, karibu kabisa. Majani yakatikisika. Nilijikojolea, sioni aibu kusema.

Babu akajaribu kuimba. Sauti haikutoka.

Mama akaanza: "Ti-riri, ti-riri, tam!"

Wakuu, kwetu mke hapazi sauti mbele ya baba mkwe. Hata shikamoo ya asubuhi mama aliipitishia kwangu. Siku ile aliimba kama anaita watu wa ng'ambo ya mto, mtoto analia mgongoni, machozi yanamtoka.

Kishindo kikaenda mbali. Aliurudia wimbo mpaka tukaona moshi wa Tindiga.

Tulipofika babu akaniambia, "Mwambie mama yako, pale katikati amekosea."

Mama, macho chini: "Mwambie babu yako arudi akamwimbie nyati vizuri."

Babu alicheka mpaka akakohoa.

Juzi mjukuu kanionyesha video ya Waingereza na fidla. Wimbo ule ule! Kumbe unaitwa hornpipe, ngoma ya mabaharia. Watu wanarukaruka, wanapiga makofi.

Nikamwambia azime.

Nilichojifunza: mama aliogopa vitu viwili siku ile, nyati na mkwe, na akajua kipi kingemuua mtoto wake.

Mliohamia Tindiga miaka ile, nyie mlivukaje majani yale? Semeni, nawasoma.